Mpangaji Aliyemchekesha Mama

Nilikuwa jikoni nasonga ugali niliposikia mama anacheka uani. Hakikuwa kile kicheko cha adabu anachomtolea padri akitania baada ya misa. Kilikuwa kicheko cha kutoka tumboni, cha mtu anayeshika kanga isimdondoke. Nikachungulia dirishani. Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chumba cha uani, miguu ameinyoosha, na pembeni yake mpangaji wangu anachambua mchicha. Nilisimama pale mpaka ugali ukashika chini ya sufuria. Mtu mzima mimi, nimezaa, nafundisha watoto wa watu darasani, na jioni ile niliona wivu wa mtoto aliyeachishwa kunyonya.

Mama nilimchukua mwenyewe kutoka kijijini Kitura baada ya msiba wa baba. Kaka zangu, mmoja yupo Songea na mwingine Dar es Salaam, walisema kwenye kikao cha familia kwamba sasa mama apumzike, halafu kila mmoja akanyamaza akisubiri mwenzake aseme atapumzikia kwa nani. Nikasema mimi. Nilisema kwa sauti, mbele ya shangazi zangu wote, na kuanzia siku hiyo nikawa na sifa mjini Mbinga: binti aliyemchukua mama yake. Wanawake wa jumuiya yetu ya kanisa wakinikuta njiani walikuwa wananiambia hongera Mwalimu, nami nainamisha kichwa kama mtu asiyestahili. Nisiseme uongo, sifa ile niliipenda. Mume tulishaachana, watoto wapo shule za bweni, nyumba ilikuwa yangu na mama. Nilijua kwamba kama kuna mtu mmoja duniani ambaye mama angemfungulia moyo wake, ni mimi.

Mama amezaliwa chini, ziwani, jirani na Mbamba Bay, akaolewa huku juu Umatengoni. Aliacha kulima mihogo akajifunza kulima ngoro, yale mashimo yetu ya mlimani. Aliacha kanisa la Kianglikana la kwao akaingia Katoliki la mume. Aliacha Kinyasa akajifunza Kimatengo, akakijua mpaka watu wakasahau kwamba hakuzaliwa nacho, na kwa Kimatengo hichohicho akatulea sisi. Kinyasa alikibakiza cha simu tu, anapoongea na dada yake mkubwa, na hapo sauti yake hupanda, inakuwa sauti ya mtu nisiyemjua. Hata simu ile niliionea wivu kidogo, lakini nilijituliza kwamba yule ni dada yake, damu ni damu. Huyu mpangaji je, ni nani yake?

Alikuwa karani wa mahakama, mwenyeji wa Tanga, amehamishiwa kwetu katikati ya msimu wa baridi. Siku aliyokuja kuangalia chumba alivaa ushungi na kisweta ambacho kwa Mbinga ni sawa na kutembea kifua wazi. Mimi nilikuwa mbele na funguo mkononi, namweleza habari za maji na umeme. Akaniomba radhi, akaniacha hapo hapo, akaenda kwa mama aliyekuwa amekaa mkekani anachagua maharage. Akachuchumaa. Akashika mkono wa mama kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo mama yangu. Umeshindaje? Pole na kazi. Na baridi hii je, unaiwezaje?"

Kwetu hakuna anayemuuliza mtu anaiwezaje baridi. Baridi ipo, unavaa koti. Mama alimtazama kidogo, akaitikia marahaba, kisha akasema kwa Kiswahili, "Siiwezi, mwanangu." Mimi nikacheka, nikadhani anamtania mgeni. Mwanamke aliyeishi milimani tangu alipoolewa, akazaa huku, akazika mume huku, leo hii aseme baridi haiwezi!

Maana mimi nilikuwa namuuliza kila siku. Kila asubuhi, kwa Kimatengo, nilimuuliza ameamkaje, akanijibu ameamka salama. Nilimuuliza blanketi zinatosha, akanijibu zinatosha. Chakula kilikuwa kizuri, chai ilikuwa nzuri, magoti hayakuwa na neno. Ndivyo tulivyolelewa: mzazi hamlalamikii mtoto, na mtoto hamchokonoi mzazi. Akisema nzuri, unamshukuru Mungu, unaondoa vyombo.

Sasa ninapokumbuka naona alikuwa anajaribu. Siku moja tukiwa tunamenya viazi alisema amesikia mguu wa dada yake unamsumbua. Mimi, binti mwenye sifa, nikakimbilia duka la dawa nikanunua dawa ya kuchua, nikamkabidhi dereva wa Kosta inayoshuka Mbamba Bay aipeleke. Mama akashukuru sana. Siku nyingine akasema nyumba ya dada yake imebaki tupu tangu wajukuu waondoke, hata kuku sasa wanalala sebuleni. Nikamwambia mama kwamba mama mkubwa apangishe vyumba kwa walimu, asikae na nyumba kubwa bure. Mama akafikiri, akasema kweli, hilo ni wazo zuri. Nikajiona nina akili.

Huku nyuma mpangaji anaendelea na maneno yake ya pwani. Mimi sikuzoea watu wa namna ile. Kwetu mtu akiishiwa chumvi anasema naomba chumvi, unampa, anaondoka. Yeye anakuja mlangoni na kijiko mkononi, anaomba samahani kwa kukusumbua, anauliza watoto huko bweni hawajambo, anauliza kama duka la jirani litakuwa bado liko wazi saa hizi. Lazima mwenyewe utambue kwamba chumvi imemwishia. Ukimpa, anashangaa utadhani hakuitarajia, anapokea kwa mikono miwili na kukuombea dua. Nilimwambia mwalimu mwenzangu shuleni kwamba ule ni unafiki mtupu. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na kwangu aliyekuwa anatolewa pangoni ni mama.

Jumapili moja mpangaji alituletea bakuli la mbaazi za nazi. Tukakaa uani watatu. Mama akaonja, akatafuna polepole, akasema kwa Kiswahili, bila hata kupepesa macho, "Mwanangu, chumvi imekuzidi. Na nazi umeibania."

Nikainama kwa aibu kwa niaba yake. Mgeni kakuletea chakula, unamwambia hivyo? Lakini mpangaji alicheka tu, akasema kweli mama, leo mkono umeteleza, na mama naye akacheka, akaanza kumweleza namna wao ziwani walivyokuwa wanapika mbaazi zamani. Mimi nikabaki na kijiko changu. Hakuna aliyenitukana. Hakuna aliyenikumbuka hata. Nilihisi moyo unaniwaka, kwa sababu siku ile ndiyo niligundua kwamba tangu mama ahamie kwangu hajawahi kuniambia hata mara moja kwamba chumvi imezidi, na mimi si mpishi wa kusifiwa, ugali wangu huungua na mchuzi wangu wakati mwingine ni maji matupu. Nilikuwa nimechukulia ile "nzuri" kuwa ni upendo. Kumbe anayekukosoa chakula ndiye aliyekuhesabu wa kwake, na anayekusifia kila siku yupo ugenini.

Kesho yake nilipika maharage nikayatia chumvi makusudi. Sikutia kwa kijiko, nilitia kwa mkono. Nalisema hili bila haya, kwa sababu naamini mwenye wivu yeyote angefanya hivyo kama angelifikiria. Nikampakulia mama, mwenyewe nikasema nimekula shuleni, nikakaa mbele yake.

Tonge la kwanza alisita kidogo. Akaangalia bakuli, kisha akaendelea. Akanywa maji, akaendelea. Nikamuuliza vipi chakula. Akasema kizuri. Nikamuuliza chumvi je, na nadhani sauti yangu ilikuwa inaomba, maana kama angenigombeza tu wakati ule ningemkumbatia. Akasema chumvi ipo sawa, ahsante mwanangu. Akamaliza yote, akafuta bakuli kwa tonge la mwisho kama tulivyofundishwa. Nilipeleka vyombo jikoni nikalia kwa hasira.

Hazikupita siku nyingi, mpangaji akanikuta kwenye kamba ya kuanika nguo. Akaanza mbali, na hali ya hewa, na bei ya vitunguu. Kisha akasema, "Dada, hivi chumvi ya siku hizi umeiona? Wanatuletea kali kweli. Ukitia kwa mazoea inazidi. Mimi nimepunguza, maana kwa wazee presha haichelewi."

Nikaelewa palepale. Mama amemwambia. Amekula sumu yangu yote kimya, halafu akaenda uani kuitapika kwa mgeni. Na huyu mgeni hakusema mama amelalamika, wala hakusema mimi nimekosea. Kosa lote kalibebesha chumvi ya dukani. Nikamwambia ahsante, nitaangalia. Halafu, kwa kuwa na mimi si mjinga, nikamlipa kwa maneno ya namna yake. Nikasema kile chumba nafikiria kukifanyia ukarabati hivi karibuni, sakafu imechoka, na ninavyokuonea huruma sijui utavumilia vipi vumbi. Uso wake ulishuka kidogo tu. Akasema nyumba ni yako dada, ukiwa tayari uniambie, mimi sina neno. Kisha akaendelea kunipa vibanio vya nguo kimoja kimoja, kwa mkono wa kulia, hadi nikajiona mimi ndiye niliyefukuzwa.

Chumba sikukikarabati. Lakini neno lilishasemwa, na kwa siku kadhaa mpangaji alikuwa akitoka kazini anaingia ndani na kufunga mlango. Ngazi ikabaki tupu. Nilifurahi, nikasubiri mama sasa anigeukie mimi. Mama hakunigeukia. Alikula, akasema kizuri, akalala mapema.

Kisha mpangaji akaenda Songea kwenye semina. Nilirudi kutoka shuleni jioni nimebeba madaftari ya kusahihisha, jua bado lipo, ukungu unaanza kushuka kutoka kwenye mashamba ya kahawa, nikamkuta mama amekaa peke yake kwenye ile ngazi. Mlango nyuma yake una kufuli. Alikuwa amekaa tu, mikono mapajani, anangoja. Basi hapo nikapandwa. Yaani hata mlango uliofungwa wa mwanamke yule ulikuwa na thamani kunizidi mimi niliye hai! Nikaweka madaftari chini. Nikavuta kanga yangu kichwani, nikaibana kidevuni kama ushungi, nikaenda mbele yake nikachuchumaa. Nikashika mkono wake kwa mikono miwili. Nikavuta sauti ya Kitanga kadiri nilivyoweza.

"Shikamoo mama yangu. Umeshindaje? Na baridi hii je, unaiwezaje?"

Nilikusudia kumuumiza. Nilitaka aone jinsi mambo yale yalivyo ya kipuuzi, aone haya, aseme basi mwanangu, twende ndani.

Mama alinitazama. Aliitazama kanga, akatazama mikono yangu iliyoshika mkono wake, na nikaona anafikiri. Halafu akajibu kwa Kiswahili, taratibu, "Marahaba, mwanangu. Siiwezi. Karibu ukae."

Nikakaa. Dhihaka yangu ilikuwa imeishia hapo na sikuwa na nyingine. Lakini hasira ilikuwepo bado, nikaitumia. Nikamuuliza, kwa ile ile sauti ya kuazima, kama huyo binti yake anamtunza kweli. Akasema anamtunza sana. Akasema akikohoa, dawa inafika kabla hajamaliza kukohoa. Akatabasamu aliposema hivyo, lakini hakunitazama, alitazama mbele kwenye ua kama vile binti anayesemwa yupo mbali shuleni.

"Sasa mbona huna raha?" nikauliza. Hilo lilinitoka kwa sauti yangu mwenyewe.

Akaanza kukunja pindo la kanga yake. Nikadhani nimeharibu.

"Nataka kwenda kwa dada yangu," akasema.

"Kumsalimia?"

"Kukaa. Nimechoka baridi, lakini si baridi tu. Dada yangu ananiita jina langu. Huku juu nilifika nikaitwa mke wa fulani, nikazaa nikaitwa mama wa fulani, sasa naitwa bibi. Ni majina ya heshima, nimeyahangaikia. Lakini lile la kwetu amebaki yeye peke yake wa kuniita. Akitangulia, nani atalisema?"

Kisha akalisema. Ni jina fupi, la kitoto, la kumwitia mtu anayekimbia mchangani. Nalijua jina lake la ubatizo kama ninavyolijua langu, lakini hilo sikuwahi kulisikia maishani mwangu, na hapa sitaliandika. Nilifungua mdomo. Nilitaka kumuuliza kwa Kimatengo, mama, kwa nini mimi hukuniambia? Aliniwahi. Aliweka kiganja juu ya goti langu, akaniegemea kidogo kama unavyomwegemea mtu unayemwamini.

"Ila nakuomba, mwanangu, usimwambie binti yangu. Alinichukua mbele za watu. Nikiondoka watasema ameshindwa. Wao waseme tu, lakini na yeye ataamini."

Nilijua kwamba nikijibu kwa Kimatengo atanyanyuka, atakuwa mama yangu tena, ataniambia ameshinda vizuri na chakula cha jana kilikuwa kitamu. Nikaikaza kanga kichwani.

"Sitamwambia, mama," nikasema.

Akashukuru. Tukakaa hapo mpaka ukungu ukafika uani, akanieleza habari za ziwani, za maji yanavyokuwa meupe asubuhi na za dada yake aliyewahi kuanguka kwenye mtumbwi akiwa amevaa gauni la Krismasi, akacheka kile kicheko cha tumboni, nami nikacheka. Halafu akainuka, akasema ngoja nikaingize kuku, na safari hii alisema kwa Kimatengo. Nikamfuata ndani. Nikamuuliza kama ameshinda salama. Akasema salama tu.

Usiku ule nilielewa kwa nini alimchagua mpangaji. Kimatengo cha mama ni cha ukweni, kila neno lake lilishapimwa na wifi na mavyaa, na masikio ya watoto yapo ndani yake. Kinyasa chake kipo mbali, kwenye simu. Kwa Kiswahili hakuwa mke wa mtu wala mama wa mtu, aliweza kusema anavyosema abiria kwa abiria mwenzake atakayeshuka kituo kinachofuata. Niliyaelewa yote hayo na wivu haukupungua hata kidogo. Uliongezeka. Mwanzo nilikuwa namwonea mpangaji. Sasa nilimwonea na mama mkubwa, na nilimwonea yule mwanamke wa kwenye kanga aliyekaa ngazini akaambiwa mambo ambayo mimi, binti, sikuambiwa.

Ikabaki kazi ya kumwachia mama aende bila mimi kuwa nimesikia. Nikawapigia kaka zangu. Nikawaambia magoti ya mama hayapendi baridi ya Mbinga na daktari ameshauri joto. Daktari hakuwepo. Kaka wa Songea, ambaye tangu utoto anajua ninavyodanganya, alisema huyo daktari ni mtu mwenye busara, tumfuate. Jioni, mezani, nikamwambia mama kwa Kimatengo kwamba watoto tumekaa tumeona, kwa ajili ya magoti, akae kwa mama mkubwa kwa muda.

Akaweka tonge chini. Akauliza kama tunamfukuza. Nikasema ni daktari. Akasema madaktari wa siku hizi ni watoto. Akasema watu watasemaje. Akakataa siku hiyo, na kesho yake akakataa, ila safari hii aliuliza kama huko daktari amesema achukue blanketi moja au mbili. Hatimaye akasema kama ni daktari, basi, hawezi kubishana na wasomi. Kwenye jumuiya alilalamika mbele ya kila mtu: watoto wananilazimisha, mimi nilikwisha kuzoea kwa binti yangu, ananitunza kama yai. Wanawake wakampa pole, na mimi wakanipa pole. Alivyolalamika vizuri nusura nimwamini. Sifa yangu ilibaki pale pale ilipokuwa, na aliyeishikilia isianguke ni yeye.

Mpangaji alirudi kutoka Songea siku ya kufunga mizigo. Aliposikia habari alisema tu pole dada, utabaki mpweke, na akamsaidia mama kukunja kanga. Waliagana chumbani, mlango umerudishwa. Nilisikia minong'ono na kicheko. Sikuingia. Mbele ya mlango ule nilihisi mimi ndiye mpangaji.

Tulishuka na mama asubuhi. Baada ya kona za mlimani joto likaanza kuingia dirishani, mama akavua sweta, halafu soksi, na ziwa lilipotokea kwa chini akasogea dirishani. Mama mkubwa alikuwa amesimama barabarani anachechemea kweli, ule mguu haukuwa wa kusingizia. Kabla hatujakanyaga chini alipaza sauti, akaliita lile jina.

Mama aliitika. Aliitika kwa sauti ya juu, nyembamba, akaenda mbio za mtu mzima, wakakamatana mabegani. Halafu, akiwa bado ameshikwa, aligeuza shingo akanitazama. Alitaka kuona kama nimelitambua. Mimi nilikuwa nimeinama, napambana na gunia la unga wa mahindi kama mtu asiye na habari nyingine duniani. Nilivyoinua uso alikuwa ameridhika.

Tulipewa ugali wa mihogo na samaki mbasa wa kuchoma. Nilikaribishwa kwanza, nikapewa kiti kizuri na minofu ya tumboni, kama anavyopewa mgeni. Mama alionja, akamwambia dada yake neno kwa Kinyasa huku akimwonyesha samaki kwa kidole, na mama mkubwa akanuna, akajibu, wakaanza kubishana na vinywa vimejaa. Nikasema ni mtamu sana, ahsante. Mama akamtafsiria dada yake, na wote wawili wakanishukuru kwa adabu.

Alasiri walinisindikiza hadi kituoni. Hapo mama aliniambia nimpelekee yule mwanae wa chumba cha uani salamu. Alisema hivyo, yule mwanangu. Na akazisema kwa Kiswahili, zifike kama zilivyo, maana salamu kwetu hazipunguzwi njiani, ukizikubali umezikubali zote.

"Mwambie nimefika, joto nimelikuta. Mwambie namshukuru kwa mazungumzo. Na mwambie binti yangu namwachia yeye. Amvumilie. Ana wivu tangu mdogo, hata tukimbeba mtoto wa mbuzi wetu, yeye alikuwa ananuna kuliko mbuzi mwenyewe. Lakini si mtu mbaya."

Aliyasema hayo ananitazama usoni, wazi kabisa, anavyomtazama mtu wa kutumwa tu. Mama mkubwa alitazama kando. Nikasema nitamfikishia. Akaniambia karibu tena, usitutupe.

Njia nzima ya kupanda nilizichukia salamu zile. Kila kona nilifikiria kuiacha ile ya mwisho hapo, nifike na mbili za kwanza, nani atajua? Nilifika mjini karibu na magharibi. Uani palikuwa pamefagiliwa, na mpangaji alikuwa bombani anakinga maji. Aliinuka, akanipokea mkoba, akanipa pole ya safari. Akaniuliza mama amefika salama.

Nikamfikishia. Nikasema amefika, joto amelikuta. Nikasema anakushukuru kwa mazungumzo. Kisha nikasema amekuachia binti yake, anaomba umvumilie, ana wivu tangu mdogo, ila si mtu mbaya.

Angeweza kutabasamu. Hakutabasamu. Aliinama akafunga bomba, akachukua muda kulifunga, na aliponyanyuka uso wake ulikuwa wa mtu anayeshangaa kidogo.

"Wivu?" akasema. "Mbona mimi sijawahi kuuona, dada."

Alikuwa ananidanganya, na alijua kwamba ninajua. Nikamwambia ahsante.